Kabla hujaitikia bei ya dalali, pima urefu: maongezi na wapanda miti wa Mufindi

Niliongea haya kwenye kikao cha wapanda miti wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Waliokosa kikao wameomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Kamwene! Wazee wangu shikamooni. Kina mama, vijana, ndugu mwenyekiti na viongozi wa kikundi, asanteni kwa kuniita. Mimi maisha yangu yote ya kazi nimekuwa msituni, nimepanda, nimepogolea, nimezima moto usiku na watu wa vijiji hivi hivi, kwahiyo sikuja hapa kuwahimiza mpande miti, hilo mnalijua kuliko mimi, hapa nyumba isiyo na ekari mbili tatu za mipaini au milingoti, yani mikaratusi, utaitafuta. Nimekuja na jambo moja. Tunauza miti kwa macho. Dalali anakuja, anazunguka shamba nusu saa, anauliza "hii ina miaka mingapi", unamwambia kumi, anataja bei ya ekari, mnapeana mikono. Umri na ekari, basi. Na ndo hapo tunapoumia, kwasababu ekari mbili za umri mmoja zinaweza kuwa na mbao ambazo haziko karibu kulingana hata kidogo.

Niwaambie lililonifanya nilishikie bango jambo hili. Shangazi yangu alikuwa na mashamba mawili, yote kapanda mwaka mmoja, miche ya kitalu kimoja, nafasi ile ile. Moja liko chini ya mteremko, pale udongo unapokusanyikia, jingine liko juu kwenye mgongo wa kilima ambako ukichimba kidogo jembe linagonga mwamba. Miti ilipofika miaka kumi mjukuu akawa anatakiwa kwenda chuo, ada ikahitajika haraka, akaja mnunuzi akasema bei ni moja kwa ekari yote mawili. Shangazi akauza lile la chini kwanza kwasababu liko karibu na barabara. Mimi nilifika baadae kwa msiba wa ukoo, nikapita pale nikakuta visiki, nikatoa tepu mfukoni nikaanza kupima kimoja kimoja, halafu nikapanda juu kwenye lile lililobaki nikapima miti iliyosimama. Sikulala vizuri siku ile. Alikuwa ametoa shamba bora kwa bei ya shamba dhaifu, na mimi mwanae mwenye kazi hiyo hiyo ya kupima nilikuwa sijawahi kwenda kumpimia hata mara moja. Toka hapo nikasema popote nitakapoitwa ntaongea hili.

Sasa twende kwenye kitu chenyewe. Tunajuaje kwamba shamba fulani lina nguvu na fulani halina? Wengi mtasema unene wa miti. Hapana, unene unadanganya, na unadanganya vibaya. Mpaini ukipandwa mita mbili kwa mbili unakuwa mwembamba hata kama ardhi ni nzuri sana, maana hekta moja inabeba miche 2,500 inayogombania chakula na mwanga. Mwenzako kapanda tatu kwa tatu ana miche 1,111 kwenye hekta, yake imenenepa, ukipita barabarani utasema ardhi yake ni bora, kumbe tofauti ni nafasi tu. Unene unaonyesha ardhi, nafasi na matunzo vyote vikiwa vimechanganyika kwenye sufuria moja. Ila urefu wa miti mikubwa ya shamba hauyumbishwi sana na nafasi wala na kupunguza miti. Ile miti vinara, iliyoshinda wenzake na kichwa chake kiko juani, inarefuka kwa kadiri udongo na mvua vinavyoiruhusu, kwahiyo ukitaka ardhi ikusemeshe yenyewe pima urefu wa hao vinara halafu ulinganishe na umri.

Ndo maana wataalamu wa misitu duniani kote wanatumia urefu wa vinara kwenye umri maalumu kupanga madaraja ya ardhi, wasomi wanaita saiti indeksi. Urefu wa vinara maana yake nini? Kwa makubaliano ya wengi ni wastani wa urefu wa ile miti 100 minene kuliko yote kwenye hekta moja. Msiogope, hatupimi hekta nzima. Unachukua kamba ya mita 11 na sentimita 28, unasimama katikati, unazungusha duara, hilo duara ni mita za mraba 400, yani hekta 0.04. Miti minne minene kuliko yote ndani ya duara ndo vinara wako. Pima urefu wa hiyo minne, tafuta wastani, basi. Rudia kwenye maduara mengine ndani ya shamba, na tafadhali usichague pale panapopendeza, hili kosa nimeliona hata kwa watu wenye vyeti, mtu anaingia shambani anaelekea penye miti minene anasema tupime hapa. Unajidanganya mwenyewe. Panga kabla hujaingia, mfano kila hatua hamsini kwa mstari ulionyooka, utakapoangukia ndo hapo hapo, pawe pazuri pawe pabaya. Na usipime ukingoni, miti ya pembeni inapata mwanga wa ziada inanenepa kuliko ya ndani. Kamba kwenye mteremko ishikwe usawa, isifuate ardhi, la sivyo duara lako linakuwa dogo kuliko unavyodhani. Mti uliovunjika kichwa na upepo usiuhesabu kuwa kinara hata kama shina ni nene, chukua unaofuata.

Mtaniuliza, urefu tunapimaje bila mashine? Mashine zipo na ni nzuri, lakini wazee wetu wa msituni walikuwa na fimbo. Chukua fimbo iliyonyooka, nyoosha mkono mbele, ishike wima namna kwamba kipande kilicho juu ya ngumi kiwe sawa sawa na umbali wa toka jicho lako mpaka ngumi. Sasa rudi nyuma taratibu huku unaangalia mti, mpaka juu ya ngumi paguse chini ya shina na ncha ya fimbo iguse ncha ya mti. Ukifika hapo, simama. Pima kwa kamba toka mguu wako mpaka kwenye shina, hizo mita ndo urefu wa mti. Kama uko mlimani tembea kwa kuambaa na mlima, usipande wala usishuke. Utakosea mita moja hivi mwanzoni, ukizoea kosa linapungua, na hata hiyo mita moja ni afadhali mara mia kuliko kukadiria kwa macho.

Tuseme sasa shamba la chini vinara ni mita 17 kwa miaka kumi na shamba la juu ni mita 11 kwa miaka hiyo hiyo, mbegu moja. Hizo mita sita usizione ndogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani mmoja aitwaye Eichhorn aligundua kwenye misitu ya kwao kwamba ukijua urefu unajua kwa kiasi kikubwa ujazo wote ambao msitu umezalisha, na kanuni hiyo pamoja na marekebisho yake ndo inayofanya majedwali ya mavuno yaanzie kwenye urefu. Urefu unaongeza ujazo wenyewe, halafu juu ya hapo ardhi yenye urefu mzuri inabeba pia mashina manene mengi zaidi. Vitu viwili vinazidishana.

Na hapa kwenye mashina nina zawadi kwa vijana. Mwaka 1948 mtaalamu wa Austria, Walter Bitterlich, alitoa njia ya kupima eneo la mashina, yani jumla ya nyuso za mashina yote kama yangekatwa usawa wa kifua, bila kupima hata mti mmoja. Nilipofundishwa sikuamini mpaka nilipohakikisha kwa tepu. Chukua kijiti cha sentimita 50, mwisho wake gongelea kibati chenye upana wa sentimita 1. Weka ncha nyingine ya kijiti kwenye shavu chini ya jicho, simama sehemu moja, zunguka duara zima ukiangalia kila mti usawa wa kifua, yani mita 1.3 toka chini. Mti unaoonekana mpana kuliko kibati, hesabu moja. Ulio mwembamba kuliko kibati, ruka. Unaolingana kabisa, hesabu nusu. Ukimaliza mzunguko na una 22, maana yake hekta hiyo ina mita za mraba 22 za mashina. Hakuna karatasi, hakuna kikokotoo. Kibati kimoja kinahesabu mti mnene ulio mbali na mti mwembamba ulio karibu kwa haki yake kila mmoja, na kwangu mimi hii ni moja ya akili nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia msituni.

Ukishapata 22, zidisha kwa wastani wa urefu wa miti, tuseme mita 14, hapa tunatumia wastani wa miti yote sio vinara peke yake, halafu zidisha tena na 0.45 kwasababu mti sio bomba, unachongoka kwenda juu. Unapata kama mita za ujazo 139 kwa hekta. Gawa kwa 2.47 upate ekari, ni kama 56. Hiyo 0.45 ni ya kukadiria, ukipata jedwali lililotengenezwa kwa mipaini ya huku huku Nyanda za Juu Kusini litumie hilo, wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi na maafisa misitu wa wilaya wanaweza kukusaidia kulipata. Lakini hata kwa makadirio tu, dalali akisema bei unamwuliza, hiyo ni shilingi ngapi kwa mita ya ujazo? Utaona anavyobadilika kukaa.

Sasa niseme kuhusu kukata mapema, maana naona hili linatula. Siku hizi mashine za dingdong, ile misumeno midogo ya kuhamishika ya kupasulia mbao, zinaingia mpaka ndani ya shamba, na watu wanakata mipaini ya miaka minane, tisa. Naelewa, ada, ugonjwa, harusi, moto unaotishia kila kiangazi, sio kwamba watu hawana akili, wana shida. Ila tuangalie hesabu kwanza ndo tuamue. Mti wenye kipenyo cha sentimita 15 usawa wa kifua na wenye 30, watu wanasema mara mbili. Sio mara mbili. Uso wa shina ni mara nne, na kwa kuwa mti huo umerefuka pia, ujazo ni zaidi ya mara nne. Na ule wa 15 ukiupitisha kwenye msumeno sehemu kubwa inaishia mabanzi na vumbi, na mbao zake za mti mchanga ni nyepesi na zinapinda, fundi anayezijua anakupa bei ya chini.

Halafu kuna mambo mawili lazima tuyatenganishe, wastani wa ongezeko na ongezeko la sasa. Chukua mfano. Shamba lina mita za ujazo 150 kwa hekta likiwa na miaka kumi, wastani wake ni 15 kila mwaka. Ukiliacha mpaka miaka kumi na mbili likafika 206, hiyo miaka miwili limeongeza 28 kila mwaka. Umeona? Limeanza tu kukimbia. Ongezeko la mwaka huu likiwa bado kubwa kuliko wastani, wastani wenyewe unaendelea kupanda, na siku mistari hii miwili inapokutana ndo siku ambayo shamba limetoa mbao nyingi kuliko zote kwa kila mwaka uliolitunza. Kukata kabla ni sawa na kung'oa mahindi yanapotoa ndevu. Na ukitaka mbao pana za bei nzuri unaweza kusubiri hata kupita hapo. Ardhi nzuri inafika kilele mapema, ardhi dhaifu inachelewa, kwahiyo ukibanwa na shida na lazima ukate moja kati ya mawili, usikate tu lililo karibu na barabara, pima yote mawili kwanza. Shangazi angepima asingeanza na lile.

Lakini huwezi kujua ongezeko la sasa kama ulipima mara moja. Kila mwenye shamba awe na duara moja au mawili ya kudumu. Weka nguzo katikati, piga rangi pete mita 1.3 kwenye kila mti ndani ya duara, upe namba, andika kipenyo kwenye daftari, mwakani mwezi ule ule rudi upime pale pale kwenye rangi. Kama huna tepu ya kipenyo pima mzunguko kwa tepu ya fundi cherehani ugawe kwa 3.14. Mlimani pima ukiwa umesimama upande wa juu wa mti. Mti uliogawanyika panda chini ya mita 1.3 unahesabiwa miwili. Na andikeni mwaka wa kupanda jamani! Nimefika mashamba mengi nauliza umri naambiwa "tulipanda mwaka ule mvua ilikuwa kubwa". Bila umri urefu haukuambii kitu. Mtiki unaweza kuhesabu pete zake maana unapukutisha majani kiangazi na pete zinaonekana wazi, mpaini wa huku kwetu pete zake zinaweza kukupoteza.

Nikiutaja mtiki, kuna vijana wanaenda kununua ardhi kule chini Kilombero wapande mitiki, nasema vizuri, ila mpaini wa Mufindi usikufundishe mtiki. Mtiki unataka udongo wenye kina kirefu usiotuamisha maji, usio na uchachu mwingi, na unataka miezi kadhaa ya ukame kila mwaka. Ardhi nyeusi ya bondeni inayopasuka kiangazi na kujaa maji masika, inapendeza macho lakini mtiki utadumaa pale. Chimba kwanza.

Kuchimba ndo jibu kwa ardhi ambayo haina miti bado. Chimba shimo la mita moja, zaidi ukiweza. Ukikuta mwamba au changarawe iliyoshikana mapema, mizizi itaishia hapo, na kiangazi cha huku ni kirefu, mti wenye mizizi mifupi unalala njaa tangu Juni mpaka mvua zirudi. Ukikuta mabaka ya kijivu na ya rangi ya kutu, maji yanasimama hapo. Angalia uko sehemu gani ya mlima, chini ya mteremko ni bora kuliko mgongoni, ila bonde lenyewe kabisa lina mambo mawili, sakitu, ile barafu ya alfajiri, ya mwezi wa sita na wa saba inaunguza milingoti michanga, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka kwenye mto. Mlingoti kwenye kinyungu chako, ile bustani ya bondeni, unakunywa maji ya mboga zako, mama zangu mnalijua hilo. Na angalia shamba la jirani lenye udongo kama wako, pima vinara wake, hiyo ndo bashiri nzuri kuliko maneno ya muuza ardhi. Kama ncha za milingoti yake zinakufa kila kiangazi na kuchipua upya, huenda udongo unakosa kirutubisho kiitwacho boroni, hilo linatibika kwa bei ndogo, usilikimbie shamba.

Msidhani pia kwamba urefu ndo kila kitu. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 Kenya na hapa kwetu ulipandwa sana mpaini wa radiata, ulikuwa unakimbia kweli, ukiupima urefu ungeusifu. Ukaja ugonjwa wa kuvu wa majani, dothistroma, ukashambulia vibaya hasa nyanda zenye unyevu, upandaji ukasimamishwa, ndo mpaini wa patula na misaipresi vikashika nafasi. Kwahiyo pima, lakini macho yawe kwenye majani pia.

Swali nililoulizwa mlangoni na mzee mmoja: je ardhi inachoka, tukikata na kupanda tena na tena? Swali zuri sana. Kule Usutu, nchi ya Eswatini, mpaini huu huu wa patula umepimwa kwenye ploti zile zile toka miaka ya 1960, kazi aliyoifanya Mwingereza Julian Evans kwa miaka mingi, mzunguko mmoja wa upandaji baada ya mwingine. Kwa ujumla ukuaji haukushuka, isipokuwa sehemu ndogo yenye udongo wa mwamba wa gabro usio na fosforasi ya kutosha. Jibu hilo limepatikana kwasababu mtu alirudi kupima pale pale. Sisi huku kwenye mashamba ya kijiji nani ana daftari la mzunguko wa kwanza? Ndo maana nang'ang'ania maduara ya kudumu. Na mnapovuna msichome matawi na majani kama moto sio lazima, chakula kingi cha mti kiko kwenye majani, mnakigeuza moshi halafu mnaulizana mbona miche mipya ni ya njano.

Kesho saa mbili asubuhi tukutane kwenye shamba la kikundi kule juu, sio la barabarani, nalitaka la juu makusudi. Kila mmoja aje na kamba, nne kati ya hizo tutazikata mita 11.28 na kufunga fundo. Vijana leteni vijiti vya sentimita 50, vibati ntakuja navyo mimi. Kina mama wenye tepu za cherehani msiziache nyumbani. Tutaanza na duara moja wote pamoja, kisha tutajigawa makundi manne, na saa sita kila kundi litasoma namba zake kwa sauti, zikitofautiana sana tunarudi kupima tena. Mchana tunashuka kwenye shamba la chini.